Njia za baiskeli za Cabo Delgado zisipopitwa zitakufa

Kuna barabara na kuna njia. Barabara huchorwa na mhandisi, hutengewa fedha, kisha hufunguliwa na mheshimiwa kwa kukata utepe. Njia haina mhandisi wala utepe. Njia ni kazi ya miguu ya watu, na katika zama zetu ni kazi ya tairi za baiskeli.

Sisi tunaoishi kati ya mdomo wa Mto Ruvuma na mwinuko wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, tumepitisha maisha yetu zaidi kwenye njia kuliko kwenye barabara. Mfanyabiashara anayevuka mto kutoka Kilambo, upande wa Mtwara, akiwa na magunia ya unga na katoni za sabuni, analijua hilo. Mkulima aliyerejea kijijini baada ya miaka ya kuishi kambini analijua zaidi, maana anakuta nyumba imeanguka na njia ya kwenda shambani imemezwa na pori.

Hoja ya makala haya ni moja. Njia ya baiskeli ni mali ya kijiji kama kisima kilivyo mali ya kijiji. Wakati huu ambapo watu wanarejea ndio wakati wa kuifufua, na tukichelewa itatupotea pamoja na wazee wanaoijua.

Vumbi linalolipiwa fedha

Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba huko Ulaya wapo watu wanaolipa fedha nzuri ili wapite kwenye vumbi. Katika mkoa wa Toscana, nchini Italia, kuna vilima vya mizabibu na mizeituni, na katikati yake zinapita barabara za changarawe nyeupe. Kwa Kiitaliano huitwa strade bianche, yaani barabara nyeupe. Kadiri miaka ilivyokwenda, barabara hizo zilizidi kupungua kwa kuwekwa lami.

Mwaka 1997, katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, Giancarlo Brocci na wenzake walianzisha msafara wa baiskeli uitwao L'Eroica. Lengo mojawapo lilikuwa kuzinusuru barabara hizo zisiishe. Washiriki hutakiwa kupanda baiskeli za mbio za zamani, zilizoundwa kabla ya mwaka 1987. Msafara ulioanza na watu wachache sasa huvuta maelfu. Tangu mwaka 2007 yapo pia mashindano ya waendesha baiskeli wa kulipwa yanayopita kwenye vumbi hilohilo na kumalizikia mjini Siena.

Vilevile katika vilima hivyo kuna njia za baiskeli za milimani, ambazo huku kwetu huitwa baiskeli za gia. Zipo njia zilizokuwa za wachungaji na wakata kuni, ambazo leo zina vibao na urefu unaojulikana. Mgeni anazipita akiwa na ramani mkononi, na mwenye nyumba ya wageni anapata riziki.

Sielezi habari hizi ili tuige. Mwitaliano anapanda kilima kwa kujifurahisha, na mtu wa Palma anapanda kwa sababu juu kuna mteja. Hata hivyo lipo la kujifunza. Watu wale hawakuionea aibu njia ya vumbi, bali walikaa chini wakazihesabu njia zao, wakazipa majina na kuzitunza. Sisi tunazo nyingi, lakini tumezoea kuzungumza kana kwamba mahali pasipo lami pana upungufu tu.

Mchanga na mwinuko

Anayevuka Ruvuma karibu na bahari na kushukia Namoto haoni mlima. Kutoka hapo hadi Kionga na Palma ni mchanga, minazi, mikorosho na mabonde yanayojaa maji wakati wa masika. Lakini mwenye kusukuma baiskeli yenye gunia la kilo 50 anajua kwamba mchanga nao ni mlima, ila umelala.

Kionga yenyewe ina historia ya kuhamishwa bila kusogea. Wajerumani waliichukua mwaka 1894 wakaiunganisha na koloni lao la Afrika Mashariki. Wareno wakairudisha mikononi mwao mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mpaka ulihama mara mbili, na watu waliendelea kupita walikokuwa wakipita.

Mwinuko halisi uko bara. Ukitoka Mocímboa da Praia ukapita Awasse na Diaca, ardhi inaanza kupanda hadi uwanda wa juu wa Wamakonde, penye mji wa Mueda, mita zipatazo 800 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya mto, upande wa Tanzania, kuna ndugu yake, uwanda wa Newala. Ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu unaona ardhi ilivyokatika na bonde la Ruvuma likiwa mbali chini. Watu wa pande zote mbili ni Wamakonde, na mto umepita katikati yao kama ufa kwenye ukuta wa nyumba moja.

Mimi baiskeli niliijulia upande ule. Familia yetu ilikimbia vita mwaka 1986, nikiwa na umri wa miaka minane, na elimu yangu yote ya utotoni niliipata Tanzania. Mkataba wa amani ulipotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, wazee wakaanza kurudi pamoja na wakimbizi wapatao milioni 1.7 waliorejea Msumbiji kutoka nchi jirani katika miaka iliyofuata. Nilibaki nyuma hadi nilipomaliza kidato cha nne.

Kule juu uwandani udongo hunywa maji upesi, na chemchemi ziko chini kwenye makorongo. Kwa vizazi vingi wanawake wa Kimakonde waliteremka na kupanda na mitungi kichwani, safari ya saa nyingi. Baiskeli ilipoingia, vijana tulibeba madumu. Tulikuwa na msemo wetu wa njiani: kupanda ni kusukuma, kushuka ni kujizuia. Aliyesahau nusu ya pili alirudi nyumbani bila maji na goti likiwa limechubuka.

Ufundi wa kupita vilimani

Baiskeli ya milimani haikuzaliwa kiwandani. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, karibu na San Francisco huko Marekani, walichukua baiskeli kuukuu, nzito, zenye tairi pana, wakawa wanashuka nazo milimani. Breki ya ndani ya gurudumu la nyuma ilipata moto kiasi cha grisi kuungua, na kila baada ya mteremko ikabidi gurudumu lifunguliwe na kupakwa grisi upya. Mashindano yao ya kwanza kwenye mteremko huo yalifanyika tarehe 21 Oktoba 1976.

Kutoka kwenye makorokoro hayo ikapatikana baiskeli ya gia inayouzwa leo dunia nzima. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia kwenye Olimpiki kule Atlanta, na mwanamke wa kwanza kutwaa dhahabu alikuwa Mwitaliano, Paola Pezzo, aliyeitwaa tena Sydney mwaka 2000.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, swali ni je, anunue Phoenix au baiskeli ya gia? Kila moja ina siku yake. Phoenix ina fremu ndefu na keria ngumu, na vipuri vyake vinapatikana hata kijijini. Tatizo lake ni tairi jembamba linalozama mchangani, na breki za vyuma ambazo hazifai kwenye mteremko mrefu, hasa rimu ikilowa. Baiskeli ya gia ina tairi pana na breki zinazoshika, lakini nyingi za bei rahisi zina keria dhaifu, na ile mashine ndogo ya kubadilishia gia ikipinda porini, safari imekwisha.

Mafundi wa huku wamepata jibu la katikati. Wanachukua fremu ya baiskeli ya gia, wanaondoa gia na kubakiza mnyororo mmoja, wanachomelea keria ya nondo na kuacha tairi pana. Anayeiona mara ya kwanza anacheka. Akiisukuma kutoka Namoto hadi Palma anaacha kucheka.

Yapo mambo machache ambayo kila anayeanza kazi hii angefaa kuyajua. Kwenye mchanga punguza upepo kidogo ili tairi litanuke na kukaa juu, na ukifika kwenye ardhi ngumu jaza tena, la sivyo rimu itakata tyubu. Mzigo mzito ukae chini, ubavuni mwa gurudumu la nyuma, na uwe sawa pande zote mbili. Gunia likikaa juu ya keria peke yake, baiskeli itakuvuta upande kila ukigeuka.

Kwenye kupanda, funga fimbo ndefu nyuma ya tandiko ili upate pa kushika na kusukuma ukiwa umesimama wima. Wavietnamu walitumia maarifa ya namna hiyo mwaka 1954 kwenye vita vya Dien Bien Phu, wakapitisha milimani baiskeli zenye zaidi ya kilo 200 kila moja, zikisukumwa bila kupandwa. Kwenye kushuka, teremka chini. Hakuna bidhaa ya thamani kuliko shingo yako.

Na usidharau kazi hii. Neno bodaboda, linalotumika sasa kila pembe ya Afrika Mashariki kwa pikipiki, lilizaliwa mpakani, kwa watu wa baiskeli. Ilikuwa Busia, kati ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka boda moja hadi nyingine. Pikipiki imekuja baadaye na kurithi jina.

Njia inavyokufa

Njia haifi kwa siku moja. Mvua zetu hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Msimu mmoja usipopita mtu, nyasi zinafunga. Misimu mitatu, miti midogo inasimama katikati. Baada ya hapo kinachobaki ni kumbukumbu ya mtu aliyepita zamani.

Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 viliziua njia nyingi kwa namna hiyo. Watu walihama, mashamba yakaachwa. Mji huo ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Ilipofika mwaka 2022, waliohama makwao katika jimbo hili walikuwa wamefikia milioni moja na zaidi.

Tukumbuke pia kwamba siku zile za Machi, barabara haikumwokoa mtu. Waliotoka Palma kwa miguu walipita porini, wengine kuelekea Kionga na mtoni, wengine kuelekea Nangade na Mueda. Aliyeijua njia, au aliyekuwa na mzee anayeijua, alikuwa na nafasi ya kufika. Kwa hiyo njia si ya biashara tu. Ni mlango wa nyuma wa nyumba yetu.

Njia nyingine zimekatika kwa sababu ambazo si za vita. Rasi ya Afungi, kusini mwa Palma, imetengewa mradi wa gesi kwenye eneo la hekta zipatazo 7,000. Watu wa Quitupo walihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda, chenye nyumba za matofali na umeme. Lakini wavuvi walijikuta mbali zaidi na bahari kuliko walivyozoea. Mvuvi aliyekuwa akitembea dakika chache kufika kwenye ngalawa yake sasa anahitaji chombo, na njia ya kukipitisha.

Usalama kwanza

Ningekuwa nafanya hatari kama ningeishia kuhimiza watu waingie porini. Mwaka 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imeondoa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana, kazi iliyochukua zaidi ya miaka 20. Hata hivyo, tangu mwaka 2021 zimekuwapo taarifa za mabomu ya kienyeji kutegwa barabarani katika jimbo hili, na mashambulizi yalikuwa bado yakitokea mwaka 2025.

Kwa hiyo njia iliyoachwa haifufuliwi na mtu mmoja mwenye haraka. Anza kwa kuuliza. Mwenyekiti wa kijiji, wawindaji, wakata mkaa na akina mama wanaokwenda kuni wanajua ni wapi panapopitwa wiki hii na ni wapi hapapitwi. Njia yenye alama mpya za tairi na nyayo za watoto ni njia hai. Njia fupi isiyo na alama yoyote haina faida, hata kama ulikuwa ukiipita kabla ya vita.

Nenda na wenzako, na nenda mchana. Toa taarifa unakokwenda na unarudi lini. Chukua kitambulisho, na weka risiti ya bidhaa na ya baiskeli yenyewe. Tukubali ukweli kwamba baiskeli yenye magunia mawili ya unga porini inaweza kumtia mtu mashaka, maana wapiganaji nao wanakula. Mimi mwenyewe niliwahi kusimamishwa kwenye kizuizi kimoja na kumwaga chini mchele wote ili waone hakuna kitu ndani, ilhali nilikuwa napeleka chakula nyumbani kwa shemeji. Iliniuma. Lakini nilikuwa na karatasi zangu na nilikuwa na watu waliojua safari yangu, na jioni nilifika.

Kwa wanaopeleka mzigo mkubwa, Daraja la Umoja lililofunguliwa Mei 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano, lenye urefu wa mita 720, ndilo la magari. Tatizo ni kwamba liko mbali sana bara, na mtu wa pwani mwenye katoni sita hawezi kuzunguka huko. Huyo atavuka kwa chombo na kuendelea kwa baiskeli. Mipango yoyote ya biashara ya mpakani isiyomhesabu mtu huyo imesahau wengi.

Watoto wasioijua njia

Ninafundisha watoto ambao wengi wao walikulia kwenye makambi ya Metuge na Montepuez. Nilipowapa zoezi la kuchora njia ya kutoka nyumbani hadi shamba la babu, karibu wote walichora barabara kuu, kisha alama ya kuuliza. Niliwaambia wakawaulize wazee. Wiki iliyofuata walirudi na karatasi zilizojaa: mwembe ulioungua, mteremko wa wachota maji, kivuko cha mawe, mahali ambapo baiskeli hushukwa. Wengine walikuja na majina ya Kimwani na ya Kimakonde ambayo mimi mwenyewe nilikuwa siyajui.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mwenye umri wa miaka kumi na miwili leo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni wakati watu wanakimbia. Babu yake akifariki kabla ya kumpitisha, hakuna ofisi yenye nakala ya njia hiyo.

Wapo pia watakaoiona baiskeli kama mchezo, na hilo si baya. Kikuyu, nchini Kenya, mwendesha baiskeli David Kinjah aliwafundisha vijana kupanda na kushuka kwenye njia za vijijini. Mmoja wao alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuja kushinda Tour de France mara nne. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Rwanda imegeuza vilima vyake kuwa uwanja. Uwanda wa Mueda hauna uhaba wa vilima. Unachohitaji kwanza ni amani.

Kuhusu la kufanya, si lazima tusubiri mfadhili. Kila kijiji kinaweza kutenga siku mbili baada ya mvua kuisha, mwezi Mei, watu wakatoka na mapanga na majembe kusafisha njia zilizothibitishwa kuwa salama. Panapomomonyoka, mawe na magogo yapangwe kukata maji. Wanaosimamia matengenezo ya barabara waache ukingo mpana wa kupitia baiskeli, kwa sababu lori la kokoto na baiskeli yenye gunia haviwezi kugombea nafasi moja. Anayezungushia eneo uzio awaulize kwanza wanaopita hapo, na aache lango.

Walimu wenzangu tuwape watoto zoezi lile la kuchora, na karatasi zitunzwe shuleni. Na wewe mfanyabiashara unayesoma gazeti hili ukingoja chombo pale Kilambo, ukivuka leo na kukuta kijana anayeanza, mpe nafasi nyuma ya msafara wako na umwonyeshe panapopitika. Njia ya mmoja hufunga upesi. Inayopitwa na wengi hubaki wazi.